Kazi ya neno na sauti ya neno: jinsi sarufi inavyotusaidia kusoma Kiingereza

Katika Kiswahili, mtoto anayezijua herufi zake anaweza kusoma kwa sauti karibu neno lolote, hata kama haelewi maana yake. Mpe neno "mkandarasi" au "ughaibuni" ambalo hajawahi kulisikia: atalitamka sawasawa, na mkazo atauweka mahali pake, yaani kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza jambo hilo haliwezekani. Mtu mwenye shahada anaweza kukutana na neno jipya akasita, asijue alitamkeje, mpaka afungue kamusi au amsikie mwingine akilitamka.

Wengi wetu tumeichukua tofauti hii kama adhabu tu. Tumeambiwa kwamba Kiingereza hakina kanuni, kwamba kila neno likaririwe peke yake, na kwamba anayekosea anastahili kuchekwa. Matokeo yake tunayaona. Nchini Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari mwanafunzi huhamia Kiingereza. Vitabu vingi vya falsafa na teolojia vinavyosomwa katika seminari kuu viko kwa Kiingereza. Kijana mwenye akili nzuri hukaa kimya darasani kwa kuogopa kutamka vibaya, na kimya chake huchukuliwa kuwa ni uzito wa akili. Msomaji wa Misa ya Kiingereza hupanda mimbarini akiwa na hofu ya maneno kuliko hamu ya kuwasomea watu wakaelewa.

Katika makala haya tunataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba tahajia ya Kiingereza si fujo tupu. Ina historia, na historia hiyo ikijulikana mengi yanaeleweka. La pili, na ndilo kubwa zaidi, ni kwamba katika Kiingereza mara nyingi huwezi kujua sauti ya neno kabla ya kujua kazi yake katika sentensi. Uchanganuzi wa sarufi, ambao wanafunzi wengi huuona kuwa zoezi la mtihani tu, ni ufunguo wa matamshi.

Herufi chache, sauti nyingi

Alfabeti tunayotumia iliundwa kwa ajili ya Kilatini, lugha yenye herufi tano za irabu. Inakifaa Kiswahili vizuri kwa sababu nasi tuna irabu tano: a, e, i, o, u. Kila irabu ina herufi yake, na kila herufi ina sauti yake. Konsonanti zilizozidi idadi ya herufi zilitafutiwa njia: tukapata "ch", "sh", "ny", "dh", "th", "gh" na "kh", na kwa sauti ya "ng'ombe" ikaongezwa ritifaa ili isichanganywe na ile ya "ngoma".

Kiingereza kina herufi 26. Lakini matamshi ya kusini mwa Uingereza yanayofundishwa katika vitabu vingi yana sauti zipatazo 44: konsonanti 24 na irabu 20, tukihesabu pia zile irabu zinazoanza kwa sauti moja na kuishia kwa nyingine. Irabu 20 zigawane herufi tano! Ndiyo maana herufi "a" peke yake ina sauti sita tofauti katika maneno "cat", "name", "father", "all", "any" na "about". Kwa hiyo tatizo la kwanza ni la hesabu tu, wala si la akili ya mwanafunzi.

Ilikuwaje lugha yenye irabu nyingi hivyo ikaandikwa kwa alfabeti isiyoitosha? Mwaka 597 wamonaki waliotumwa na Papa Gregori Mkuu, wakiongozwa na Agustino ambaye leo huitwa Agustino wa Canterbury, walifika Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Walikuja na Injili, na pamoja nayo walikuja na herufi za Roma. Wenyeji walikuwa na alama zao za kuchonga zilizoitwa runi, lakini lugha yao ilipoanza kuandikwa vitabuni iliandikwa kwa herufi za Kilatini. Pale herufi hizo zilipopungukiwa, waandishi waliazima runi, kwa mfano kwa sauti tunayoiandika leo "th". Tahajia ya Kiingereza cha kale ilikuwa karibu sana na sauti, kama ilivyo tahajia yetu. Kuachana kwa herufi na sauti kulikuja baadaye, na tunaweza kutaja sababu tano.

Jinsi herufi zilivyoachana na sauti

Sababu ya kwanza ni ushindi wa Wanormani mwaka 1066. Tangu hapo kazi ya uandishi ilishikwa kwa sehemu kubwa na watu waliofunzwa katika desturi ya Kifaransa, nao walibadilisha tahajia nyingi. Neno lililoandikwa "cwen" likawa "queen", "scip" likawa "ship", na "hus" likawa "house". Tena, kwa maelezo yanayotolewa na wataalamu wengi, mwandiko wa wakati ule ulikuwa wa vijistari vifupi vilivyosimama, hata "u" ikikaa karibu na "m", "n" au "v" ilikuwa shida kusomeka. Waandishi wakaandika "o" mahali pa "u". Ndiyo sababu "son", "monk", "love" na "come" zina herufi "o" hadi leo, ingawa sauti yake iko karibu zaidi na "a" yetu.

Sababu ya pili ni mabadiliko makubwa ya irabu ndefu yaliyotokea takriban kati ya mwaka 1400 na 1700. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeyapa jina linalotumika hadi leo katika vitabu, yaani Mhamo Mkuu wa Irabu. Kabla ya hapo "time" lilikuwa na "i" ndefu kama yetu, "name" lilikuwa na "a" ndefu, "moon" lilikuwa na "o" ndefu, na "house" lilikuwa na "u" ndefu. Kisha irabu zile zikahama polepole, kizazi baada ya kizazi, lakini herufi zikabaki. Kwa hiyo Mswahili anayesoma "name" kama "na-me" hasomi kijinga. Anasoma karibu na alivyosoma Mwingereza wa siku za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Kosa lake ni kuchelewa miaka mia sita tu.

Sababu ya tatu ni uchapaji. Mwaka 1476 William Caxton alifungua mtambo wa kuchapa vitabu huko Westminster. Vitabu vilipoanza kuchapwa kwa wingi, tahajia ilianza kuganda wakati sauti zikiwa bado safarini. Herufi "k" katika "knee" na "know" ilikuwa ikitamkwa zamani. Herufi "gh" katika "night" na "light" zilikuwa na sauti iliyokaribiana na "kh" katika neno letu "kheri". Sauti zimekwenda, herufi zimebaki mahali pake kama msingi wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Sababu ya nne ni wasomi waliokipenda Kilatini kupita kiasi. Kiingereza kilipokea kutoka Kifaransa neno "dette" kwa maana ya deni, bila "b" yoyote. Wasomi wakakumbuka kwamba Kilatini husema "debitum", wakaingiza "b", ndipo tukapata "debt". Vivyo hivyo "doubt" lilipewa "b" kwa heshima ya "dubitare". Herufi hizo hazikuwahi kutamkwa katika Kiingereza. Neno "island" lilifanyiwa jambo la ajabu zaidi: lilipewa "s" kwa kudhaniwa kuwa ni ndugu wa "insula" la Kilatini, kumbe ni neno la asili la Kiingereza lisilo na uhusiano nalo.

Sababu ya tano ni ukarimu wa lugha yenyewe. Kiingereza hupokea maneno ya kigeni pamoja na tahajia zake. Angalia "ch". Katika maneno ya Kiingereza cha asili au yaliyoingia mapema sana, kama "child" na "church", hutamkwa kama "ch" yetu. Katika maneno yenye asili ya Kigiriki, kama "Christ", "choir", "chrism" na "catechism", hutamkwa "k". Katika maneno ya Kifaransa yaliyoingia baadaye, kama "machine" na "chef", hutamkwa "sh". Hata kipande kimoja chenye asili moja huweza kupata sauti mbili: "archbishop" lina "ch", lakini "archangel" lina "k". La kwanza lilizoeleka midomoni mwa watu tangu Kiingereza cha kale, la pili likabaki karibu na Kigiriki chake.

Tahajia inayolinda maana

Hadi hapa tumeonyesha jinsi tahajia ilivyoharibika. Lakini kuna upande wa pili. Kuna mahali ambapo tahajia ya Kiingereza huacha sauti kwa makusudi ili kuonyesha ukoo wa maneno.

Kiswahili huandika kinachosikika. Kitenzi "penda" kinatupa "mapenzi", "fuata" kinatupa "mfuasi", na "pika" kinatupa "mpishi". Sauti ya mzizi imebadilika, na maandishi yamefuata. Asomaye kwa sauti amesaidiwa, lakini anayejifunza lugha lazima agundue mwenyewe kwamba "mpishi" na "pika" ni wa ukoo mmoja. Kiingereza mara nyingi huchagua kinyume. Katika "act" na "action" sauti ya "t" imegeuka kuwa "sh", lakini herufi imebaki ili jicho lione kwamba ni mzizi uleule.

Tukielewa hivyo, herufi nyingi zilizodhaniwa kuwa bubu bila sababu zinapata maana. Herufi "n" mwishoni mwa "hymn" haisikiki, lakini inasikika katika "hymnal". Ya "solemn" inasikika katika "solemnity", na ya "condemn" inasikika katika "condemnation". Herufi "g" ya "sign" inasikika katika "signature". "Divine" na "divinity" zina irabu tofauti kwa sikio, lakini herufi ni ileile, na vivyo hivyo "heal" na "health". Mwaka 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu kuhusu mfumo wa sauti za Kiingereza ambamo walitetea tahajia hii wakisema kwamba inakaribia kuwa bora kwa kazi hiyo ya kuonyesha mizizi. Wengi hawakukubaliana nao kwa ukamilifu. Hata hivyo, mwanafunzi anayejifunza maneno kwa koo, si moja moja, huandika bila makosa mengi na hukumbuka kwa urahisi.

Kanuni hii inafanya kazi pia katika viambishi vya sarufi. Kiambishi cha wingi "-s" kina sauti tatu. Katika "cats" ni "s", katika "dogs" ni "z", na katika "churches" ni silabi nzima, "iz". Kiambishi cha wakati uliopita "-ed" nacho kina sauti tatu: katika "asked" ni "t", katika "prayed" ni "d", na katika "wanted" ni "id". Maandishi hayabadiliki kwa sababu kazi ya kisarufi haibadiliki.

Kanuni ya sauti hizo ni rahisi, na tunaweza kuihisi kwa kidole. Weka kidole kooni useme "z" kwa kuivuta: koo linatetemeka. Sema "s": koo limetulia. Sauti za kundi la kwanza huitwa ghuna, za kundi la pili si ghuna. Neno likiishia kwa sauti isiyo ghuna, kama "k" ya "ask", kiambishi nacho huwa si ghuna: "t". Likiishia kwa sauti ghuna, kama ilivyo kwa "pray", kiambishi huwa ghuna: "d". Likiishia kwa "t" au "d" yenyewe, kama "want" na "need", ndipo huongezwa silabi. Kosa letu la kawaida ni kuongeza silabi kila mahali, tukasema "praye-d" kwa silabi mbili kwa sababu jicho limeona "e". Hapo jicho limeona kiambishi, nalo sikio lilipaswa kuuliza kanuni.

Kazi ya neno huamua sauti yake

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Kuna mambo ambayo hata ukijua historia yote hutayatamka sawa mpaka ujue neno ni nomino, kitenzi, kivumishi au ni la aina nyingine.

Tuanze na "th". Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa kinatofautisha "th" ya "thawabu" na "dh" ya "dhambi" kwa maandishi. Kiingereza huandika zote mbili "th". Lakini mwanzoni mwa neno kuna kanuni nzuri ya kisarufi. Maneno madogo yanayojenga sentensi, kama viwakilishi, vioneshi na viunganishi, huwa na "dh": "the", "this", "that", "they", "then", "there", "though". Maneno yenye maana kamili, yaani nomino, vitenzi na vivumishi, huwa na "th" ya "thawabu": "think", "thank", "thirst", "throne", "thin", "theology". Neno "through" linakwenda kinyume, ingawa ni kihusishi. Zaidi ya hilo, kanuni hii hushika karibu kila mahali.

Kundi hilohilo la maneno madogo huonekana hata kwa urefu wa tahajia. Maneno ya kujenga sentensi huweza kuwa na herufi mbili tu, lakini yenye maana kamili kwa kawaida hupewa tatu au zaidi. Linganisha "in" na "inn", "be" na "bee", "by" na "buy", "to" na "two". Yanasikika sawa, lakini maandishi yanakuambia lipi ni neno la kazi na lipi lina uzito wake. "Go" na "ox" ni miongoni mwa machache yanayovunja desturi hiyo.

Pili, kuna jozi za nomino na kitenzi zinazotofautiana kwa konsonanti ya mwisho. Nomino ina sauti isiyo ghuna, kitenzi kina sauti ghuna: "belief" na "believe", "proof" na "prove", "grief" na "grieve", "advice" na "advise", "breath" na "breathe". Mara nyingine tahajia haionyeshi tofauti kabisa: nomino "use" ina "s", kitenzi "use" kina "z", na ndivyo ilivyo kwa "house" na "excuse". Sababu ni ya kale. Zamani vitenzi hivyo vilikuwa na irabu mwishoni, na konsonanti iliyokaa katikati ya irabu mbili ilikuwa ghuna. Irabu ile ilidondoka, ughuna ukabaki. Maneno yaliyoingia baadaye yakafuata mtindo huo.

Tatu, kuna mkazo. Maneno mengi ya silabi mbili yenye asili ya Kilatini huwekewa mkazo mwanzoni yakiwa nomino, na mwishoni yakiwa vitenzi. "Record", "object", "permit", "convert" na "conduct" ni mifano. "A CONvert" ni mwongofu, lakini "to conVERT" ni kuongoka au kuongoa. Mkazo ukihama, irabu nazo hubadilika, kwa sababu katika Kiingereza silabi isiyo na mkazo hupoteza nguvu na mara nyingi irabu yake huwa hafifu, sauti ambayo wataalamu huiita shwa. Sisi tumezoea kuipa kila silabi haki yake sawa. Mwingereza anayetusikia hupata shida kwa hilo kuliko kwa "r" na "l" zetu.

Nne, kuna maneno yanayoishia na "-ate". Yakiwa vitenzi, mwisho hutamkwa "eit". Yakiwa nomino au vivumishi, mara nyingi hutamkwa kwa irabu hafifu, karibu na "it". Angalia "separate", "moderate", "graduate" na "advocate".

Tano, kuna vivumishi vya "-ed" vilivyohifadhi silabi ya zamani. "Wicked", "naked" na "wretched" zote zina silabi mbili. "Learned" likiwa kitenzi lina silabi moja, lakini likiwa kivumishi kwa maana ya msomi lina mbili. "Aged" katika "an aged man" lina silabi mbili, lakini katika "a man aged seventy" lina moja.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Kiingereza tu. Kiswahili nacho kina "barabara". Likiwa nomino, njia ya magari, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Likiwa kielezi, kwa maana ya sawasawa, mkazo hurudi nyuma silabi moja. Herufi ni zilezile, na sentensi pekee ndiyo inayotuambia. Hakuna Mswahili anayefundishwa hilo kwa shida, kwa sababu anachanganua sentensi bila kujua kwamba anachanganua. Katika Kiingereza inatubidi tufanye hivyo kwa kukusudia.

Mifano miwili ya uchanganuzi

Chukua sentensi hii: "The blessed apostle blessed the people who live there." Neno "blessed" limetokea mara mbili. La kwanza limekaa kati ya "the" na nomino "apostle", kwa hiyo ni kivumishi, na husomwa kwa silabi mbili, "blesid". La pili lina kiima mbele yake na yambwa baada yake, kwa hiyo ni kitenzi cha wakati uliopita, na husomwa kwa silabi moja, "blest". Neno "live" linamfuata "who", nalo ni kitenzi cha kuishi, basi irabu yake ni fupi. Lingekuwa kivumishi, kama katika "a live fish", lingesomwa "laiv". "There" ni neno la kujenga sentensi, basi linaanza kwa "dh".

Mfano wa pili ni mfupi zaidi: "He read the letter." Je, ni "riid" ya wakati uliopo au "red" ya wakati uliopita? Maandishi hayasemi, lakini sarufi inasema. Kiima ni nafsi ya tatu umoja. Kingekuwa kitenzi cha wakati uliopo kingepata "-s": "He reads". Hakikupata, kwa hiyo ni wakati uliopita, na husomwa "red". Sasa badili kiima: "They read the letter." Hapa kanuni ya "-s" haisaidii, kwa kuwa wingi hauchukui "-s". Lazima tusome mbele. Kama inafuata "yesterday", ni "red". Kama inafuata "every Sunday", kwa kawaida ni "riid". Msomaji asiyetazama mwisho wa sentensi kabla ya kufungua mdomo atabahatisha, na wasikilizaji watajua kwamba amebahatisha.

Je, si afadhali tahajia irekebishwe?

Swali hili limeulizwa na Waingereza na Wamarekani wenyewe kwa muda mrefu. Noah Webster wa Marekani, katika kamusi yake ya mwaka 1828, alifanikiwa kwa machache: Wamarekani huandika "color" na "center" mahali ambapo Waingereza huandika "colour" na "centre". Mwandishi George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wasia kwamba sehemu ya fedha zake itumike kubuni alfabeti mpya ya Kiingereza. Alfabeti ilibuniwa, na mwaka 1962 mojawapo ya tamthilia zake ilichapwa kwayo, lakini watu hawakuipokea.

Shaw huhusishwa pia na utani maarufu kwamba neno "fish" lingeweza kuandikwa "ghoti": "gh" ya "enough", "o" ya "women" na "ti" ya "nation". Utani huo ulikuwapo kabla yeye hajazaliwa, na pia hauna ukweli. Mwanzoni mwa neno "gh" haisomwi kamwe "f". "Ti" husomwa "sh" pale tu inapofuatwa na irabu nyingine, kama katika "-tion". Na "o" ya kusomwa "i" imo katika "women" peke yake. Anayejua mahali pa herufi katika neno hawezi kusoma "ghoti" kuwa "fish". Utani uliokusudiwa kuonyesha kwamba hakuna kanuni unaonyesha kwamba kanuni zipo.

Ugumu mwingine wa marekebisho ni kuamua nani awe kipimo. Mtu wa London, wa Edinburgh, wa Dublin na wa Chicago hawatamki sawa. Tahajia moja isiyofuata sauti ya yeyote kati yao inawawezesha wote kusoma kitabu kimoja.

Tufanye nini?

Kwa mwanafunzi, na hasa kwa anayepewa kusoma mbele ya watu, tunapendekeza hatua chache. Soma kifungu kwanza kwa macho, na katika kila sentensi tafuta kitenzi kikuu na kiima chake. Ukishawapata hao wawili, maneno mengine hukaa mahali pake. Pili, wekea alama maneno yenye sura mbili: "read", "live", "use", "blessed", "record" na yanayofanana nayo, uamue kila moja ni aina gani ya neno. Tatu, tumia kamusi inayoonyesha matamshi. Alama zake nyingi ni za Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na zinajifunzwa kwa majuma machache. Kijistari kidogo cha juu huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Nne, jifunze maneno kwa koo: ukijifunza "sign", jifunze siku hiyohiyo "signal" na "signature".

Tano, zipe nafasi ya kwanza zile tofauti zinazobadili maana. Kiswahili kina "i" moja, Kiingereza kina mbili. Anayesema "We want to leave here" wakati alikusudia "We want to live here" amewaambia watu kwamba anataka kuondoka, kumbe anataka kukaa. Hilo linastahili mazoezi. Lakini lafudhi ya Kiafrika ya Mashariki si kosa la kutubia. Waingereza wenyewe wana lafudhi nyingi, na lengo letu ni kueleweka.

Kwa walimu tuna ombi. Mwanafunzi anaposoma "praye-d" au "na-me", msimcheke na msiruhusu darasa limcheke. Anatumia kanuni iliyomfaa miaka yote katika lugha yake: kwamba kila herufi ina sauti yake. Ni kanuni nzuri, ila imevuka mpaka wake. Mwambieni mpaka uko wapi na kwa nini. Mwonyesheni kitenzi kiko wapi, mwacheni aiseme sentensi tena, kisha mpeni nafasi ya kujibu lile swali la falsafa ambalo jibu lake alikuwa nalo tangu mwanzo.